Chelsea au la kamba, fupi au refu: buti lipi likufae msimu huu?

Ukishika buti dukani, kabla hujauliza bei, lipindue. Tazama chini kwanza. Wengi wetu hufanya kinyume: tunavutwa na ncha, na rangi, na jinsi shingo ilivyokaa pichani, tunalinunua, halafu mwezi wa pili ndipo tunapogundua kwamba linateleza, linapitisha maji, au linachubua kisigino kila tukitembea kidogo.

Mtindo wa buti hubadilika zaidi sehemu tatu: ncha, urefu wa shingo na umbo la kisigino. Mwaka huu ncha ni kali, mwakani ni ya mviringo, mwaka mwingine imekatwa mraba kama kiberiti. Shingo hupanda hadi juu ya goti, kisha ikashuka hadi kwenye kifundo. Maonyesho makubwa ya New York, London, Milan na Paris hufanyika Februari na Machi kwa mavazi ya mapukutiko na baridi, na Septemba na Oktoba kwa ya machipuo na kiangazi. Kwa hiyo buti linaloitwa jipya dukani lilishapita jukwaani karibu nusu mwaka nyuma. Ukiufukuza mtindo kwenye ncha hutaufikia. Soli na namna ilivyoungwa na ngozi haviendi kwa kasi hiyo, na ndivyo vinavyoamua kama buti litafika msimu wa nne au litakwama wa kwanza. Kila ulinganisho hapa chini nimeufanya nikiangalia hapo.

Chelsea na buti la kamba

Huu ndio mchuano mkubwa. Anayetafuta buti lake la kwanza la maana karibu kila mara huishia kusimama kati ya haya mawili, moja mkono huu na jingine mkono ule.

Chelsea ni buti la kifundo lisilo na kamba wala zipu, lenye vipande viwili vya elastiki ubavuni na kitanzi nyuma cha kuvutia. Linatokana na kazi ya Joseph Sparkes Hall, fundi viatu wa Malkia Victoria, ambaye hataza yake ni ya 1851. Miaka ishirini kabla ya hapo lisingewezekana, kwa sababu mpira wa asili hukakamaa kwenye baridi na hunata kwenye joto. Katika miaka ya 1840 Charles Goodyear huko Marekani na Thomas Hancock huko Uingereza walipata hataza za kuupika mpira pamoja na salfa, ukabaki unanyumbuka. Jina la Chelsea lenyewe limekuja karne moja baadaye, kutoka kwa vijana wa King's Road, London. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanamuziki wa bendi ya the Beatles wakaliongezea kisigino kirefu na ncha iliyochongoka, na tangu hapo halijawahi kuondoka kabisa.

Buti la kamba wengi wanalolijua ni lile lenye matundu manane na uzi wa njano kuzunguka soli. Chanzo chake ni daktari wa Kijerumani, Klaus Märtens, aliyeumia kifundo akiteleza kwenye theluji mwaka 1945 akatengeneza soli yenye hewa ndani ili apumzishe mguu. Kiwanda cha familia ya Griggs, Northamptonshire, kilichukua haki ya kulitengeneza Uingereza, na buti la kwanza likatoka tarehe 1 Aprili 1960. Ndiyo maana likaitwa 1460, yaani 1/4/60. Lilikuwa la watu wa kazi, wakiwemo matarishi na wafanyakazi wa viwandani, kabla vijana wa muziki hawajalifanya lao.

Tofauti yao mguuni ni hii. Kamba hurekebishika, elastiki hairekebishiki. Asubuhi mguu huwa mwembamba, jioni umevimba kidogo. Siku ya baridi unavaa soksi nene, siku ya jua unavaa nyepesi. Buti la kamba linavipokea vyote hivyo, unalegeza hapa na kukaza pale. Chelsea lina ukubwa mmoja tu. Mwenye mgongo wa mguu ulioinuka atatatizika kulivaa, na mwenye mguu mwembamba atasikia kisigino kikipanda na kushuka.

Ukijaribu Chelsea, jaribu jioni, na soksi zile utakazovaa kweli. Kisigino kikinyanyuka kidogo sana siku ya kwanza si kosa. Soli ikishazoea kukunjika hutulia. Kosa lipo ubavuni. Simama wima utazame elastiki: ikiwa imefunguka na kuvutika wakati umesimama tu, buti ni dogo, na elastiki hiyo itachoka mapema. Elastiki ndiyo hufa kwanza katika Chelsea. Huanza kwa mawimbi madogo kwenye ukingo wa juu, kisha shingo inafunguka kama mdomo. Fundi anaweza kuibadilisha, ila ni kazi ya kufumua, kwani imeshonewa kati ya ngozi na bitana. Kamba zikikatika unanunua nyingine, mambo yameisha.

Kwa upande mwingine, Chelsea linavaliwa kwa kufumba na kufumbua na linakaa safi chini ya suruali, hata ya suti. La kamba lenye soli nene hulazimisha vazi zima lilifuate. Tena ngozi yake ngumu hudai wiki mbili tatu za malengelenge kabla halijakubali. Livae nyumbani saa moja moja, na soksi mbili, na ujipake mafuta mahali panaposuguka.

Kwa anayenunua pea moja tu, mimi nasema la kamba, ncha ya mviringo, kahawia iliyokolea au jeusi, matundu sita hadi manane. Chelsea liwe la pili. Najua wapo watakaonipinga kwa sababu ya uvivu wa kufunga kamba, nami nawaelewa, lakini mguu uliokaa vizuri ndani ya buti ni jambo ambalo elastiki haimwahidi kila mtu.

Kuna la kati, lenye kamba mbele na zipu ubavuni. Liangalie zipu kwa makini: iwe ya chuma, na nyuma yake kuwe na ulimi wa ngozi unaozuia maji na kuzuia meno yasile soksi. Zipu ya plastiki kwenye buti zuri ni mlango dhaifu kwenye nyumba imara.

La jangwani na la njano

Haya mawili hulinganishwa mara chache, lakini yanapaswa kulinganishwa, kwa kuwa watu huyanunua kwa sababu ileile: wanataka buti la kawaida, la suruali ya jinzi, la siku zisizo na shughuli rasmi.

Buti la jangwani ni fupi, la swedi, yaani ngozi yenye vinyweleo laini juu, lina pea mbili tu za matundu na soli ya mpira wa asili wenye rangi ya asali. Nathan Clark, wa familia ya viatu vya Clarks, aliyaona yakivaliwa na maofisa wa jeshi la Uingereza alipokuwa Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wao walikuwa wameyashonesha katika masoko ya Cairo. Alilionyesha toleo lake Chicago mwaka 1949. Mpaka leo umbo lake ni lilelile.

La njano ni la Timberland, lililotoka 1973. Werevu wake uko chini: badala ya kushonwa, soli iliyeyushwa na kuunganishwa moja kwa moja na ngozi, pasibaki tundu la sindano la kupitisha maji. Lilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kazi za nje kaskazini mashariki mwa Marekani, kwenye theluji na tope. Katika miaka ya 1990 vijana wa hip hop wa New York walilichukua, na hapo ndipo likawa mtindo.

Jina la jangwani limesema kweli: ni la ukavu. Soli ile laini ni starehe kwenye lami kavu, unatembea kana kwamba umevaa raba, lakini kwenye vigae vilivyolowa inateleza, na hukusanya uchafu ukaingia ndani ya mpira usitoke. Swedi nayo ikinywa maji hubaki na ramani. Kwa machipuo na kiangazi, na kwa mapukutiko kabla mvua hazijaanza, sijui buti jepesi kulishinda. Mvua ikianza, liweke kabatini.

La njano ni kinyume chake karibu katika kila jambo. Zito, lenye joto, halijali dimbwi. Uzito wake hufaa suruali pana. Ukilivaa na suruali ya kubana, miguu huonekana imefungiwa matofali. Siku ya joto linachosha. Na kwa kuwa soli haikushonwa, ikilika si kila fundi ataikubali kazi ya kuibadilisha. Linadumu, ila likiisha limeisha.

Kama unaishi kwenye majira manne yaliyo wazi, haya hayagombani hata kidogo: moja lianze pale jingine linapoishia. Kama huna baridi kali, usilinunue la njano kwa ajili ya picha. La jangwani litakutumikia siku nyingi zaidi.

Marefu: la kupandia farasi na la kauboi

Haya yote mawili yalizaliwa juu ya mgongo wa farasi, na tofauti zao zinaelezeka hapohapo.

Buti la kupandia farasi la Kiingereza linapanda wima hadi chini ya goti, shingo imebana shavu la mguu, kisigino kifupi, ngozi laini isiyo na nakshi. La kauboi lina kisigino kirefu kilichokatwa kwa kuingia ndani ili kishike kikuku cha tandiko, ncha nyembamba ili liingie kikukuni kwa urahisi, na halina kamba ili mpandaji akianguka mguu uchomoke, asiburutwe. Hata ile mishono ya maua kwenye shingo si pambo peke yake. Inaipa ngozi ugumu isikunjamane. Kule Texas, H. J. Justin alianza kuyatengeneza mwaka 1879 katika kijiji cha Spanish Fort, na jina lake bado lipo kwenye mabuti hayo.

Kwa mitindo, la kauboi huja kama wimbi. Miaka hii ya karibuni limerudi kwa nguvu, likivaliwa na magauni mepesi ya kiangazi kama linavyovaliwa na jinzi. Wimbi likipita, lenye rangi za kung'aa na nyota ubavuni litaonekana la jana. La kahawia tupu, mishono ya rangi ileile ya ngozi, litabaki. La kupandia farasi halina wimbi. Lipo kila mwaka, wakati mwingine mbele ya dirisha la duka, wakati mwingine nyuma.

Kinachowaumiza wanunuzi wa mabuti marefu ni upana wa shingo. Watu hununua kwa namba ya mguu peke yake. Kaa kwenye kiti, wayo uguse sakafu, goti likunjwe kwa pembe mraba, upime kwa utepe mahali shavu la mguu lilipo nene kuliko pote. Pima miguu yote miwili, jioni. Ongeza sentimita moja kwa soksi, mbili kama utachomeka suruali ndani. Kisha pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti: shingo ikigusa mkunjo wa goti itakuchubua kila unapokaa. Ngozi halisi ya shingo hushuka kidogo ikishavaliwa, kwa hiyo la kupandia farasi likiwa juu kwa upana wa kidole si tatizo. La ngozi bandia halishuki.

Kwa la kauboi shingo ni pana, tatizo lipo kwenye mgongo wa mguu, kwani hapo ndipo linapokushikilia pasipo kamba. Likibana kwa uimara kama kupeana mikono, sawa. Likilegea pale, utatembea ukiliburuta, na hakuna soksi itakayolitibu.

Yanayovuka goti nitayapitia haraka. Ni mazuri kwenye picha na kwa saa tatu za usiku. Mchana kutwa hushuka, nawe hujikuta ukiyavuta kila baada ya hatua kumi. Ukiyataka, tafuta yenye utepe wa mpira usioteleza kwenye ukingo wa ndani, au yenye ngozi inayovutika.

Manyoya au mpira

Buti la ngozi ya kondoo, lile lililotoka kwa wateleza mawimbi wa Australia na kuingizwa California na Brian Smith mwaka 1978, ni la baridi kavu. Manyoya ya ndani hunywa jasho na kuhifadhi joto hata bila soksi. Theluji ikianza kuyeyuka, halifai tena: maji hupenya, chumvi ya barabarani huacha pete nyeupe, na shingo laini haishiki kifundo.

Buti la mpira linafanya kazi ambayo la kondoo haliwezi, na linashindwa pale la kondoo linaposhinda. Maji hayaingii, lakini jasho nalo halitoki, na mpira wenyewe hauna joto. Baridi ikiwa kali, lazima liwe na nafasi ya soksi nene ya sufu. Kwa hiyo uliza swali moja: unachopigana nacho ni baridi au ni maji? Vyote viwili kwa pamoja, basi achana na haya yote, chukua la ngozi lenye soli yenye meno na bitana la sufu.

Chini ya ngozi

Soli zenye meno marefu zimejaa kwenye mitindo, hata kwenye Chelsea. Aliyezianzisha kwa mpira ni Vitale Bramani, mpanda milima wa Milan. Mwaka 1935 wenzake sita walikufa mlimani katika hali mbaya ya hewa wakiwa na viatu visivyofaa, na miaka miwili baadaye akasajili soli iliyoitwa Carrarmato, yaani kifaru cha vita. Jina la Vibram ni mwanzo wa jina lake na mwanzo wa ubini wake. Meno hayo hushika tope, changarawe na theluji mpya. Kwenye barafu hayasaidii sana. Pale kinachosaidia ni mpira laini usiokakamaa kwenye baridi. Libonyeze jino la soli kwa ukucha. Likiwa gumu kama plastiki ya ndoo, barafu itakuangusha.

Kisha muungo. Soli iliyoshonwa kwa welti, yaani ukanda wa ngozi unaozunguka ukingo, inaweza kufumuliwa na kushonwa upya bila kugusa sehemu ya juu. Mashine iliyoeneza ushonaji huo ilisajiliwa miaka ya 1870 na Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule wa mpira. Iliyobandikwa kwa gundi ni nyepesi, ya bei nafuu na inakunjika vizuri siku ya kwanza, lakini ikibanduka ni bahati nasibu. Jihadhari na mshono wa uongo: viwanda vingine huchapa nyuzi za plastiki juu ya ukingo wa soli iliyobandikwa. Pitisha ukucha. Uzi wa kweli unaingia kwenye tundu na kutokea ng'ambo; wa uongo ni mchoro tu wenye vinundu.

Niliwahi kuwa na pea niliyoitunza kuliko ilivyostahili. Niliivaa msimu mmoja, nikaisafisha, nikaifunga kwenye sanduku lake na karatasi zake, nikaiacha miaka kadhaa nikisema ni ya shughuli maalumu. Siku nilipoitoa, ngozi ilikuwa inang'aa kama mpya. Nikapiga hatua nne sebuleni, nikasikia kama mkate mkavu unavunjika. Soli ilikuwa inamong'onyoka, vipande vyeusi vimetapakaa sakafuni, na nilipokiminya kisigino kidole kiliingia. Ilikuwa soli ya poliyurethani, aina ya plastiki nyepesi. Unyevu wa hewa huivunja polepole, uivae usiivae, na kuifungia gizani hakuiokoi. Mpira wa kawaida haufi hivyo. Tangu hapo, nikiambiwa soli ni nyepesi ajabu, nauliza imetengenezwa na nini.

Kuhusu buti lililokwishavaliwa na mtu mwingine: kwa la kauboi ni njia nzuri sana ya kuonja mtindo, maana ngozi imeshalainika na mtindo ukipita hujapoteza kikubwa. Kwa lenye welti kuwa mwangalifu. Ndani yake huwa na tabaka la gome laini, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, ambalo hujichonga kufuata wayo wa mwenyewe. Ingiza mkono upapase. Ukikuta shimo la kisigino na la kidole gumba yameingia sana, huo ni mguu wa mtu mwingine, na wako utalazimishwa ukae humo. Fundi anaweza kulijaza upya wakati wa kubadilisha soli, kwa hiyo pigia hesabu gharama hiyo kabla ya kukubaliana bei.